Filamu Bubu Hazikuwa Bubu: Uongo Tuliozoea Kuhusu Sinema za Zamani na Nyota Wake

Mara ya kwanza kumwona Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu, zile za kabla sauti haijaingia kwenye sinema, nilikuwa nyumbani kwa binamu yangu, tumeinamia kompyuta. Watu kwenye picha walikimbia kama panya waliofumaniwa jikoni. Sauti hakuna, nyuso zimefifia hadi zimebaki vidoa vyeupe. Tulicheka dakika tano, tukazima. Miaka ikapita ndipo nikaiona filamu ileile katika nakala iliyosafishwa, kwa mwendo wake na muziki wake, nikajua kwamba siku ile sikuwa nimeona kitu. Tangu hapo mtu akizidharau filamu hizi namuuliza kwanza: uliona nakala gani? Sehemu kubwa ya tunayoyaamini juu yake imetoka kwenye nakala mbovu. Yaliyobaki yametoka kwenye midomo ya watu waliolipwa kutunga habari.

"Watazamaji walikaa ukumbini kimya"

Hata kidogo. Ukumbi mdogo ulikuwa na mpiga piano, na kumbi kubwa za mijini, Marekani na Ulaya, zilikuwa na okestra nzima au kinanda kikubwa cha mabomba. Japani walikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya pazia, akieleza kisa na kuwasemea wahusika wote, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto. Benshi hodari aliweza kuvuta watu kuliko mwigizaji mwenyewe, na nguvu yao ni sababu mojawapo iliyofanya Japani iendelee kutengeneza filamu bubu hadi katikati ya miaka ya 1930.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa sana hapa. Aliyekulia kwenye mabanda ya video akimsikiliza Lufufu, au DJ Afro kule Kenya, anajua jinsi sauti ya msimulizi inavyoweza kuichukua picha ya watu wa mbali na kuifanya yetu. Benshi angekaa kwenye banda lile na kujiona yuko kazini.

"Walitembea mbiombio kama vikaragosi"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu limewaharibia watu heshima ya kazi yao. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha alishika mpini akazungusha, mara nyingi akipata picha 16 hadi 20 kwa sekunde, akiongeza au kupunguza kulingana na onyesho. Sauti ilipoingia, mwendo ukafungwa kwenye picha 24, maana sauti haivumilii kubadilikabadilika. Sasa chukua filamu iliyopigwa kwa picha 16, uipitishe kwenye mashine ya 24: aliyetembea dakika tatu anafika kwa dakika mbili. Huzuni yake inageuka kichekesho, na mwendo wake wa maringo unakuwa wa kuku.

Ni kweli wachekeshaji waliharakisha baadhi ya maonyesho makusudi, kwa kuzungusha mpini polepole. Lakini huo ulikuwa uamuzi wao. Huu mwingine ni uzembe wetu.

Na wale wanaosema waigizaji wote walikodoa macho na kurusha mikono, wamtazame Maria Falconetti akiwa Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa aliyeshtakiwa akachomwa moto, katika filamu ya Carl Theodor Dreyer ya mwaka 1928. Uso hauna vipodozi, kamera imemkaribia hadi unaona ngozi na midomo iliyokauka. Anaulizwa swali na mahakimu, anachelewa kujibu, chozi linatoka na kushuka lenyewe. Harusha mkono wala hakodoi macho.

"Zote zilikuwa nyeusi na nyeupe"

Nyingi zilitiwa rangi. Usiku ulikuwa buluu, moto ulikuwa mwekundu, chumba chenye taa kilikuwa na rangi ya kaharabu. Huko Paris, wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier walipaka rangi filamu za Georges Méliès, mtengenezaji filamu Mfaransa, kwa brashi, picha moja baada ya nyingine.

"Yule wa kwenye saa alining'inia kweli, bila ujanja"

Kuna wanaosema Harold Lloyd, mchekeshaji wa Marekani, alining'inia juu ya barabara bila kinga, na wengine wanasema yote ni hila za kamera. Wote wamekosea. Ile picha ya mwanamume mwenye miwani aliyeshika mshale wa saa juu ya jiji ni ya filamu ya 1923. Ukuta wa ghorofa ulijengwa juu ya mapaa ya majengo halisi ya Los Angeles, kamera ikawekwa mahali ambapo barabara ilionekana chini kabisa. Mita chache chini ya Lloyd palikuwa na jukwaa lenye magodoro. Kwenye picha za mbali, jengo lilipandwa na watu wengine.

Ila tazama mkono wake wa kulia. Mwaka 1919, akipigwa picha za matangazo, Lloyd alichukua bomu alilodhani ni la kuchezea, akawashia sigara kwa utambi wake. Likalipuka mkononi. Alipoteza kidole gumba na cha shahada, na kwa muda alidhaniwa atapofuka. Kwenye saa ile anashikilia kwa vidole vinane, na mkono wa kulia umevikwa glavu iliyotengenezwa kuficha pengo. Ukishajua hilo, macho yako hayatoki tena kwenye ile glavu.

Keaton naye, akitengeneza filamu ya 1924, alimwagiwa maji ya tangi la reli yakambwaga shingo juu ya chuma. Akainuka, akaendelea na kazi. Miaka ilipita kabla daktari, akitazama picha ya eksirei, hajamwambia kwamba aliwahi kuvunjika shingo.

"Sauti ilipokuja, wenye sauti mbaya walifukuzwa"

Mfano unaotajwa kila mara ni John Gilbert, nyota wa Hollywood, eti alikuwa na sauti nyembamba ya kuchekesha. Msikilize mwenyewe katika filamu ya 1933 aliyocheza na Greta Garbo, ambapo Garbo ndiye malkia: ni sauti ya kawaida ya mwanamume. Kilichomwangusha kilikuwa mchanganyiko wa mazungumzo ya mapenzi yaliyoandikwa vibaya, pombe, na ugomvi na mkuu wa studio yake, Louis B. Mayer. Alifariki mwaka 1936.

Lafudhi iliwasumbua baadhi, hilo sikatai. Emil Jannings, mwanamume wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora, alirudi Ujerumani. Garbo alikuwa na lafudhi nzito ya Kiswidi na ndipo akazidi kung'ara. Naye Chaplin, ambaye wengi husema ndiye aliyetuachia neno "chale" tunalomwita mchekeshaji, alikaidi tu: mwaka 1936 bado mhusika wake mwenye kofia na mkongojo alikuwa hasemi.

"Habari za maisha yao ziliandikwa magazetini, basi ni za kweli"

Wasomaji wa 1915 waliambiwa kwamba Theda Bara, mwigizaji wa Marekani, alizaliwa kwenye mchanga wa Sahara, baba msanii Mfaransa, mama Mwarabu. Hakuwahi kuwa karibu na huko. Jina lake lilikuwa Theodosia Goodman, binti wa fundi cherehani Myahudi wa Cincinnati, Ohio. Watangazaji wa studio ya Fox walimvika manyoya na mahariri, wakamkalisha mbele ya waandishi wa habari, na uongo ule ukasafiri dunia nzima. Hata leo ukimtafuta unakutana nao.

Kinachonisikitisha ni kwamba kazi yenyewe, ambayo ingemtetea, haipo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kwamba takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea. Mikanda ilikuwa ya nitreti, inayoshika moto upesi na kuoza yenyewe. Julai 1937, katika joto kali, ghala la Fox la Little Ferry, New Jersey, liliungua na karibu kila kilichokuwemo. Bara alicheza filamu 40 na ushee, na zilizobaki nzima zinahesabika kwa vidole. Ile aliyokuwa Cleopatra, ya mwaka 1917, imebaki vipande vifupi tu: mwanamke anageuka, anatazama kamera, na mkanda unakatika.