Jazi ya panki si panki yenye saksafoni

Kila inapotoka albamu ya magitaa makali yenye saksafoni ndani yake, wapo wanaotangaza kwamba jazi ya panki, yaani jazi iliyochanganyika na panki, ile roki fupi na kali, inafufuka. Jina hilo sasa linabebeshwa kila kitu: wimbo wa roki uliopambwa kwa tarumbeta, fyusheni (mchanganyiko wa jazi na roki) ya mafundi wa vidole, hata jazi ya kawaida iliyorekodiwa kwa kelele.

Maana yake kwa ufupi: ni muziki wenye sauti kubwa, ufupi na ukali wa panki, unaopigwa kwa utunzi wa papo kwa papo wa jazi huru, ile isiyofuata mlolongo uliopangwa wa kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Neno zito hapo ni "huru", na ndilo linaloachwa.

Haliachiki, kwa sababu za kiufundi kabisa. Gitaa la panki hupitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Ukwaruzaji huo huzaa noti za ziada, zinazotokana na jumla na tofauti za masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya noti zinazolia pamoja. Ukipiga noti mbili zenye uwiano wa masafa wa 3 kwa 2, tofauti yao ni 1: noti ileile ya msingi, oktava moja chini. Inapatana, inanenepesha sauti, na ndiyo maana panki nzima husimama juu ya kordi za noti mbili. Sasa chukua kordi ya jazi ya noti 4 au 5, yenye noti ya saba na ya tisa. Kila jozi inazaa noti zake, nazo hazipatani. Kinachotoka ni tope. Mpiga gitaa ana njia mbili tu: asafishe sauti, panki iondoke, au aziache kordi hizo.

Mpiga saksafoni wa jazi Ornette Coleman alikwisha kuziacha. Katika albamu yake The Shape of Jazz to Come ya mwaka 1959 hakuna piano: kuna saksafoni yake ya alto, kornet ya Don Cherry, besi ya Charlie Haden na dramu za Billy Higgins. Hakuna anayemwaga kordi chini ya mpigaji, kwa hiyo melodi inakwenda inakotaka. Mlango ulikuwa huo. Mpiga gitaa James Blood Ulmer, aliyepiga na Coleman miaka ya 1970, alizifunga nyuzi zake zote kwenye noti moja katika oktava mbalimbali, na albamu yake ya mwaka 1980 ikatolewa na Rough Trade, lebo ya London iliyojulikana kwa panki.

Mdundo nao una mtego wake. Ule mwendo wa kuyumba wa jazi, noti ndefu ikifuatwa na fupi, husikika vizuri kwenye mwendo wa kati. Kasi ikipanda, tofauti ya urefu hupungua. Ukikaribia mapigo 300 kwa dakika noti hizo huwa karibu sawa. Mpiga dramu anayelazimisha kuyumba katika kasi ya panki huishia kugongana na besi. Wanaofanikiwa hunyoosha mdundo na kuhamisha mkazo, au huiachia besi kipande kifupi cha fanki kinachorudiwa bila kuchoka, kama walivyofanya Contortions, bendi ya James Chance huko New York.

Kinachokera zaidi ni mpangilio wa jina lenyewe. Kiingereza huweka kiini cha jina mwisho, Kiswahili huanza nacho. Anayeandika "panki-jazi" amenakili mpangilio wa Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili anaelewa kinyume, yaani aina ya panki. Lugha yetu ina kihusishi "ya", tukitumie, maana kinatulazimisha kuchagua. Jazi ya panki ni jazi kwanza: albamu ya kwanza ya bendi ya Lounge Lizards, 1981, ina tungo za mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, na pembeni yake Arto Lindsay anakwaruza gitaa lisilofungwa sauti. Panki ya jazi ni panki kwanza: albamu Fun House ya bendi ya roki The Stooges, 1970, ambamo Steve Mackay anaingiza saksafoni ya tenori juu ya roki inayochemka.

Jina lilianza kuhama mapema. Mwaka 1978 mpiga besi Jaco Pastorius aliita kipande chake Punk Jazz katika albamu Mr. Gone ya bendi ya Weather Report. Hiyo ni fyusheni, tena ya ufundi wa juu; neno "punk" hapo ni ujeuri wa kijana, si muundo wa muziki. Maana hiyo ni ya kale kuliko muziki wenyewe. Katika Kiingereza cha karne ya 16 neno "punk" lilimaanisha kahaba, baadaye likawa mhuni asiye na thamani, na waandishi wa muziki Marekani wakaanza kulibandika kwenye roki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Neno "jazz" nalo halikuzaliwa kwenye muziki: lilichapishwa California mwaka 1912 na 1913 katika habari za besiboli, likiwa na maana ya nguvu na uchangamfu, na kufikia 1915 Chicago walikuwa wakiuitia muziki. Tangu hapo limesafiri sana. TPOK Jazz ya Franco ilikuwa bendi ya rumba, na hakuna aliyelalamika.

Na huku kufufuka? Jazi ya panki haikuwahi kufa. Mwaka 1989 mpiga saksafoni John Zorn alipiga tungo za Coleman kwa kasi ya hadikoo, panki ya haraka zaidi. Mwaka 2006 The Ex, bendi ya panki ya Uholanzi, ilitoa albamu na mpiga saksafoni wa Ethiopia Getatchew Mekuria. Mwaka 2024 The Messthetics, wenye besi na dramu zilizotoka bendi ya panki ya Fugazi, walitoa albamu na mpiga saksafoni James Brandon Lewis kupitia Impulse!, lebo iliyotoa kazi za mpiga saksafoni wa jazi John Coltrane.

Basi ukiisikia albamu mpya, itoe saksafoni kichwani mwako. Wimbo ukibaki mzima, andika tu "panki yenye saksafoni", si tusi. Ukiporomoka kwa sababu besi na dramu zilikuwa zikimjibu mpuliza, hiyo ni jazi ya panki. Na badala ya "imefufuka", andika "imesikika tena".