Ugezi si kurekebisha

Ugezi, au kalibresheni kama wengi tunavyosema kazini, ni kulinganisha usomaji wa chombo na kigezo ambacho thamani yake inajulikana, kisha kuandika tofauti iliyopatikana pamoja na kiasi cha shaka kilichobaki katika ulinganisho huo. Basi. Chombo kinaweza kutoka maabara kama kilivyoingia, ila sasa tunajua kinakosea kwa kiasi gani.

Tatizo ni kwamba kwa sisi tunaoandika programu za ndani ya vyombo vya kisayansi, neno hili limegeuka kitufe. Menyu inasema “Kalibresheni”, mtumiaji anabonyeza, namba kwenye skrini inakaa sawa, na ripoti inaandikwa kuwa chombo kimefanyiwa kalibresheni. Hapana. Kimerekebishwa.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya. Kugeza ni kufuata mfano wa kitu, au kukipima kwa kingine. Kigezo ndio huo mfano, kama ile karatasi anayoilaza fundi cherehani juu ya kitambaa kabla ya kukata. TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nao huita maabara yao ya kazi hii maabara ya ugezi, na ni neno zuri kuliko tunavyolithamini. Kalibresheni limekuja kwa njia nyingine: limepitia Kifaransa na Kiingereza, na wengi wa wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha kwenye qālib ya Kiarabu, yaani umbo la kumiminia madini. Qālib hiyo Kiswahili kiliipokea pia: ni kalibu. (Na watangazaji wa mpira wanaposema “mchezaji wa kaliba yake”, wako ukoo huohuo.) Kalibu hukipa kitu umbo, na pengine ndiyo sababu watu hudhani kalibresheni ni kukinyoosha chombo. Lakini hata kwa mafundi wa bunduki, kujua kaliba ya mtutu kulikuwa kupima kipenyo cha tundu lake. Anayepima mtutu hauchongi upya.

Msamiati wa kimataifa wa upimaji, JCGM 200 wa 2012, unalisema wazi: kalibresheni isichanganywe na marekebisho, ambayo mara nyingi huitwa kimakosa “kujikalibreti”, wala na uhakiki.

Tazama kipimajoto chenye sensa ya Pt100, yaani sensa ya platinamu ambayo ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa om, hupanda kadiri joto linavyopanda. Sensa hiyo ina om 100 kwenye nyuzi 0 na om 138.51 kwenye nyuzi 100, yaani kama om 0.385 kwa kila nyuzi. Ukiiunga kwa waya mbili zenye jumla ya om 0.5, usomaji unapanda kwa takriban nyuzi 1.3. Sasa agiza kigeuzi cha analogia kwenda dijiti, yaani sehemu inayogeuza volti ya sensa kuwa namba, kijisawazishe: vingi huunganisha ingizo zake ndani kwa ndani, hupima mkengeuko wa sifuri na kuutoa. Waya hakijauona, sensa hakijaiona. Hata ukiichovya sensa kwenye barafu inayoyeyuka na kubonyeza kitufe, umeondoa kosa la siku hiyo tu. Waya ya shaba ikipata joto nyuzi 20 zaidi, zile om 0.5 huongezeka kwa kama 0.04, na tayari umepotea nyuzi 0.1. Dawa ni kuunga kwa waya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupima volti, ili ukinzani wa waya usiingie kwenye usomaji. Kitufe hakiwezi kuponya waya.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye kumbukumbu. Kiwango cha ISO/IEC 17025, kile cha kimataifa cha maabara za upimaji na ugezi, kinataka cheti cha ugezi kionyeshe matokeo ya kabla na ya baada ya marekebisho, kama yapo. Programu inayoandika namba mpya juu ya zile za zamani imefuta “kabla”. Ikiwa chombo kilikuwa kimepotoka nyuzi 0.4, data ya mwaka mzima uliopita haiwezi tena kusahihishwa, kwa sababu hakuna ajuaye kilipotoka kiasi gani. Kwa hiyo hifadhi usomaji ghafi pamoja na ule uliokokotolewa. Namba za marekebisho zipe ukurasa wao kwenye kumbukumbu ya flashi, nje ya eneo la programu, ili kusasisha programu kusizifute. Kila seti iwe na tarehe, namba ya cheti na CRC, yaani namba ya ukaguzi inayoonyesha kama data imeharibika. Seti mpya iandikwe kwenye ukurasa mwingine, ihakikiwe, ndipo ianze kutumika. Umeme ukikatika katikati, ile ya zamani bado ipo.

Na ule uhakiki? Stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya sokoni hujibu swali moja: mizani iko ndani ya mipaka ya sheria au haimo. Ugezi hautoi jibu la ndiyo au hapana. Unatoa namba: chombo kinasoma 50.00, kigezo ni 50.12, shaka ni 0.03 kila upande. Kusema chombo “kimepita kalibresheni” ni kuongeza swali ambalo ugezi peke yake haukuulizwa.

Basi kile kitufe kiitwe “Weka sifuri” au “Rekebisha”, kulingana na kinachofanya, na neno ugezi libaki kwenye ukurasa unaoonyesha tarehe na namba ya cheti. Ukishabonyeza, sema “nimekirekebisha, ugezi bado”, maana baada ya marekebisho chombo kwa kawaida hurudi tena kwenye kigezo.