Rangi ibaki nje, si ndani
Msanii mkongwe anapokusanya picha zake za miaka 30 alizochora kwa rangi kwenye turubai kwa ajili ya maonyesho, mara nyingi huzikuta zimeviringishwa kama mkeka, rangi ikiwa ndani, eti ndiyo kuilinda. Sivyo. Rangi ya ndani hubanwa, inafanya mikunjo na kubanduka; inauma sana kuona kazi ya maisha ikipukutika hivyo. Ya nje huvutika kidogo tu, na picha ikinyooshwa hurudi mahali pake.

Viringishia kwenye bomba la inchi 6 au zaidi. Funika rangi kwa karatasi nyeupe safi: gazeti huacha wino, nailoni hunata kwenye akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji.

Mbeya mwezi Julai, kwenye baridi, usikunjue picha alfajiri. Chini ya nyuzi 10 akriliki hukakamaa, hupasuka. Iache kwanza kutwa nzima kwenye chumba chenye joto.