Eneo la ndege kuhama: maana yake nini?

Kila spishi ya ndege ina eneo lake: inakozalia na, ikiwa ni ya kusafiri kwa msimu, inakopitia na inakokaa mpaka baridi ya kwao iishe. Eneo hilo likisogea mwaka baada ya mwaka kwa sababu joto limeongezeka, ndipo tunasema limehama. Ndege mmoja mgeni akitua mdomoni mwa mto Sabaki, hapo Malindi, na watu wakamkimbilia na kamera, eneo bado halijahama. Huenda amesukumwa na dhoruba, au ni kinda aliyepotea njia. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi kila ndege asiyezoeleka huhesabiwa kuwa ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi.

Ushahidi hutokana na kuhesabu, tena kwa miaka mingi. Marekani ndege huhesabiwa kila Krismasi tangu 1900. Mwaka 2009 shirika la kuhifadhi ndege la huko, Audubon, lilichambua hesabu za miaka 40 na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya spishi 305 zilikuwa zimesogea kaskazini.

Sasa njoo hori ya Mida, Watamu, maji yakipwa, wakati wowote kati ya Septemba na Aprili. Vitwitwi waliozaliwa Siberia wanakimbia juu ya tope, wanadona, wanavuta mnyoo, wanakimbia tena. Kinachowafukuza kwao hasa ni njaa: ardhi ikiganda, chakula hufungiwa chini. Pasipoganda, hapana haja ya kwenda mbali. Ndiyo maana Uingereza, majira ya baridi yalipopungua makali, ndege wengi wa aina hii waliacha pwani ya magharibi wakaanza kukaa mashariki, ambako zamani baridi ilikuwa kali mno kwao na ni karibu zaidi na wanakozalia.

Kwa hiyo sisi tulio huku mwisho wa kusini wa njia ya ndege hawa tusingoje wageni tu. Kuhama kwa eneo kunaweza kutufikia kama upungufu wa wenyeji wetu wa kila msimu, na asiyeandika idadi ya waliokuja hatautambua.

Wako pia wasio na pa kuhamia. Mnana wa Clarke hupatikana kaunti ya Kilifi peke yake, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Dakatcha, kaskazini mwa Malindi, ambako miti inaendelea kukatwa kwa ajili ya makaa.