Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa ndani, kipimo ambacho nimekiona kikipuuzwa kuliko vyote ni kile kisichohitaji mashine. Joto lina kipimajoto, shinikizo la damu lina kifaa chake, na oksijeni husomwa kwenye kidude kinachobanwa kidoleni. Lakini pumzi huhesabiwa kwa macho ya muuguzi, saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja ya utulivu. Dakika hiyo ndiyo inayokosekana. Ukipitia chati za wodi iliyoelemewa, unaweza kukuta wagonjwa 10 mfululizo wameandikiwa pumzi 18, kana kwamba wamekubaliana.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Maambukizi yanapoanza kusambaa, mapafu yanapolemewa au tindikali inapoongezeka katika damu, ubongo hukiamuru kifua kifanye kazi zaidi, na mara nyingi hilo hutokea mapema, wakati mishipa ya damu bado inajikaza na kulifanya shinikizo lionekane zuri. Ndiyo maana katika mfumo wa alama za tahadhari uliotolewa mwaka 2012 na chuo cha kifalme cha madaktari kilichopo London, ukarekebishwa mwaka 2017, pumzi 25 au zaidi kwa dakika humpa mgonjwa alama 3, ambazo ni za juu kabisa kwa kipimo kimoja. Pumzi 8 au pungufu humpa alama hizo hizo.

Mgonjwa akijua anahesabiwa, hubadilisha upumuaji wake bila hata kukusudia. Kwa hiyo nikimaliza kuhesabu mapigo ya moyo siuachii mkono wake. Vidole hubaki pale pale, huku macho yakihamia kwenye shuka linalopanda na kushuka kifuani. Wagonjwa wa siku nyingi hunigundua. Mzee mmoja alikuwa akinyamaza makusudi kila nilipomshika mkono, kisha huniuliza, "Sista, leo zimefika ngapi?"

Haya yote ninayajua, ninayafundisha, na bado yalinishinda mahali nisipotarajia. Mimi ni shangazi wa watoto wa kaka yangu, ambao nawaita wanangu na sioni haja ya neno jingine. Asubuhi moja nilipita kwao nikitoka zamu ya usiku, nikamkuta mdogo wao wa miezi 10 anakohoa na kutokwa kamasi. Nilimgusa paji la uso, nikasema ni mafua tu. Wifi yangu hakuridhika. "Wifi, mimi sikusomea uuguzi," alisema, "lakini mtoto huyu hapumui kama siku zote."

Nilikuwa nimemfanyia mwanangu kile ninachowakemea wanafunzi wodini: nilikuwa nimemwandikia 18 kichwani, na sababu haikuwa uchovu peke yake. Nilitaka yawe mafua.

Tulisubiri anyonye na kutulia, kwa maana kumhesabu mtoto anayelia ni kazi bure. Mama yake akampakata, tukamfungua shati, nikatazama tumbo likipanda kwa dakika nzima, kwani pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja, na ukihesabu sekunde 15 kisha ukazidisha kwa nne, kosa lako nalo linazidishwa kwa nne. Nilipata 54. Nikarudia, nikapata 56. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, Shirika la Afya Duniani huhesabu pumzi 50 au zaidi kwa dakika kuwa za haraka, na hiyo ni dalili ya nimonia. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, mpaka huo ni 40. Sehemu ya chini ya kifua haikuwa ikibonyea ndani alipovuta hewa, jambo ambalo lingetufanya tutoke mbio.

Tulimpeleka hospitali asubuhi hiyo hiyo. Nilimpa muuguzi wa mapokezi hesabu zangu mbili na saa nilizozipata, nikaketi kwenye benchi la ndugu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaonyesha jinsi mapenzi yanavyoniharibia macho. Alianza matibabu siku hiyo, akapona.

Kilichobadilika ni namna ninavyowasikiliza ndugu wa wagonjwa. Mimi nina namba, lakini wao ndio wanaoijua kawaida ya mtu wao: anavyolala, anavyojibu, anavyohema akipanda kitandani. Siku hizi binti akiniambia, "Sista, baba leo hayuko kama siku zote," nayaandika maneno hayo kwenye chati pamoja na saa, hata kama vipimo vya asubuhi vilikuwa vizuri, kisha navuta kiti.