Kungojea uchungu mbali na ardhi ya ukoo

Mwanamke wa Kiyolngu, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, anayeishi Galiwin'ku, katika kisiwa cha Elcho kaskazini mwa nchi hiyo, hupandishwa ndege kwenda Darwin, umbali wa takriban kilomita 500, mimba yake inapokaribia wiki ya 38, au mapema zaidi akiwa na kisukari au ugonjwa wa moyo. Huko hukaa hosteli akingojea uchungu, huku watoto wake wakubwa wamebaki kisiwani. Msomaji wa Tanzania atakumbuka chigonella zetu, yaani nyumba za kungojea uzazi karibu na hospitali, lakini kwenye chigonella mama mkwe huja na sufuria yake; kwa Waaborijini, nafasi ya msindikizaji katika ndege kwa miaka mingi haikuwa jambo la hakika.

Siubezi utaratibu huu. Kliniki za vijijini hazina chumba cha upasuaji wala benki ya damu, na mimi kama mkunga najua jinsi mzazi anavyoweza kutokwa na damu hadi kufa kabla ndege haijatua. Hata hivyo, wapo wanaoficha mimba, au wanaofika kliniki uchungu umekwisha kukolea ili wasisafirishwe, na hapo utaratibu uliowekwa kwa ajili ya usalama huzaa hatari yake wenyewe. Kwao kuzaliwa juu ya ardhi ya ukoo ndiko kunakomfunga mtoto na ardhi hiyo, na katika taifa ambalo serikali iliwahi kuwanyang'anya Waaborijini watoto wao, hospitali ya mbali haiingiwi kwa moyo mweupe.

Nilipoanza kazi huko nilimuuliza msichana tarehe ya hedhi yake ya mwisho, ilhali dereva wa kiume amesimama mlangoni. Akainamisha macho, nami nikaandika kwenye kadi, "hajui". Bibi yake alingoja dereva aondoke, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba mjukuu wake alikosa siku zake mara tu baada ya mvua za kwanza. Kipimo cha picha kilipofanyika, hesabu ya bibi ilikuwa sahihi. Mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya wanaume, na kosa lilikuwa langu.

Wanawake wenyewe walikwisha kuonyesha njia. Katika mji wa Alice Springs, Congress Alukura, kituo cha uzazi cha wanawake Waaborijini, kilianzishwa mwaka 1987 kwa kufuata sheria ya mabibi, yaani mila za uzazi zinazolindwa na wanawake wazee. Brisbane, ingawa ni mji mkubwa, tangu 2013 mpango mmoja humpa kila mama mkunga wake wa kudumu, pamoja na wahudumu Waaborijini na usafiri, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walizaa watoto njiti wachache zaidi. Galiwin'ku nako wamefundishwa djäkamirr, yaani walezi wa mimba na uzazi, wanaozungumza lugha ya mzazi na kujua nani katika ukoo anastahili kumshika mkono. Nia yao ni kwamba mama asiye na dalili za hatari ajifungulie kisiwani.