Hewa ukaa ndani ya mfuko wa saruji: kwa nini kuacha makaa ya mawe hakutoshi

Kiwanda cha saruji kikiacha makaa ya mawe leo, zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake itaendelea kutoka. Sababu imo ndani ya jiwe. Kila kilo 100 za mawe ya chokaa safi hubeba karibu kilo 44 za hewa ukaa. Tanuru likifika nyuzijoto 900 hivi, hewa hiyo huachana na jiwe. Kinachobaki hupashwa pamoja na udongo hadi nyuzijoto 1,450 na kuwa klinka, zile punje ngumu za kijivu zinazosagwa na jasi kidogo kupata saruji.

Tani moja ya klinka hutoa takriban kilo 525 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe peke yake. Tanuru la kisasa huhitaji joto la gigajuli 3.4 hivi kwa tani hiyo. Likichoma makaa ya mawe, huongeza kama kilo 320. Likichoma gesi asilia, karibu 190. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kupata gesi ya Songo Songo mwaka 2004, na nafuu yake ni ya kweli. Pumba za mpunga na maganda ya korosho nayo huweza kushika sehemu ya nafasi ya makaa, mradi yawe makavu, maana unyevu hula joto la tanuru. Lakini zile kilo 525 hazigusiki.

Kuna mitambo ya kuinasa hewa hiyo. Kiwanda cha Brevik, Norwei, kilizindua wake mwaka 2025, wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, karibu nusu ya inayotoka pale. Ni mitambo ya gharama kubwa mno. Kwetu, njia iliyo karibu zaidi ni kupunguza klinka ndani ya mfuko.

Angalia maandishi kwenye mfuko. Herufi CEM na namba zake hutaja aina ya saruji: CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II/B ina asilimia 65 hadi 79. CEM IV/B ina 45 hadi 64, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni pozolana, yaani mawe na majivu ya volkano ambayo Afrika Mashariki imejaliwa. Klinka ya mfuko wa kilo 50 wa CEM I, ikichomwa kwa makaa ya mawe, hutoa kama kilo 40 za hewa ukaa. Ya mfuko wa CEM IV/B wenye nusu klinka, kama kilo 21. Udongo mweupe wenye kaolini, kama ule wa Pugu karibu na Dar es Salaam, nao hufaa ukichomwa kwa nyuzijoto 700 hadi 850 tu. Mchanganyiko wa klinka asilimia 50, udongo huo 30, mawe ya chokaa mabichi 15 na jasi 5 hupunguza hewa ukaa kwa hadi asilimia 40.

Saruji hizi hulaumiwa bure na mafundi wengi kuwa ni dhaifu. Pozolana haishiki yenyewe: husubiri chokaa inayotolewa klinka inapokutana na maji, kisha hufanya kazi polepole kwa wiki kadhaa. Zege likikauka siku ya tatu, kazi hiyo hukatika na nguvu haipatikani tena. Kwa hiyo limwagilie na ulifunike kwa magunia mabichi au nailoni kwa siku 10 hadi 14, wala usiharakishe kuondoa mirunda chini ya slabu. Maji ya kuchanganyia yasizidi lita 25 kwa mfuko, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Fundi akiongeza maji ili zege litiririke, nguvu hushuka, kisha mwenye nyumba huambiwa aongeze mifuko.

Kwa lipu, kujengea tofali na sakafu ya nyumba ya kawaida, daraja la nguvu la 32.5, lililoandikwa kwenye mfuko, linatosha. Kwenye nguzo, mihimili na slabu, fuata daraja lililoandikwa na mhandisi kwenye mchoro, na umuulize kama aina yenye pozolana ya daraja hilohilo inakubalika.